Printa ya leza ya waifai nyumbani: anza na bei ya tona, malizia na anwani ya kudumu

Swali: "Naishi Mamboleo, Kisumu, na ni mwalimu wa sekondari. Printa yangu ya wino imeziba kichwa kwa mara ya pili, na saiba ya hapa karibu hufungwa mapema jioni. Nataka printa ya leza ya waifai: mimi nichapishe mitihani na notisi kutoka kwa laptopu ya Windows, mume wangu atumie simu ya Android, na binti yetu ana iPhone. Kwa mwezi ni kama kurasa 400, zikipanda wiki za mitihani. Tuna intaneti ya faiba. Ninunue ya aina gani, na niiunganishe vipi isije ikawa kila siku inasema iko 'offline' kama ile ya ofisini kwetu?"

Jibu:

Mwalimu, kwa kazi uliyoieleza leza ndiyo mashine yako, na nyeusi peke yake inatosha. Tona si wino. Ni unga laini wa plastiki wenye rangi ndani yake. Printa huuvutia kwenye karatasi kwa umeme tuli, halafu roli yenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi huuyeyusha ukashikamana na karatasi. Hakuna cha kukauka. Unaweza kuifunga printa likizo nzima ya Desemba, na Januari ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Unga huo na joto hilo ndivyo vitakavyokueleza mengi huko mbele: kwa nini stima ni jambo la kufikiria, kwa nini karatasi yenye unyevu wa ziwa husumbua, na kwa nini doa la tona halifuliwi kwa maji moto.

Picha za rangi za binti yako zipelekeni saiba. Leza ya rangi hutumia katriji nne, na siku zote nne zikiisha utalia. Kama rangi ingekuwa nusu ya kazi zenu, ushauri wangu ungekuwa printa ya wino ya tangi, ambayo gharama yake kwa ukurasa ni ndogo sana, ila ni lazima ichapishe kitu angalau kila wiki. Kwa notisi na mitihani, hapana.

Na mtihani wa kidato kizima usiuchapishe nyumbani. Wanafunzi 200 kwa kurasa sita ni kurasa 1,200 kwa usiku mmoja. Chapisha nakala moja safi, uipeleke kwenye mashine ya riso ya shule. Riso hutengeneza stensili moja na kuizungusha, kwa hiyo kadiri nakala zinavyoongezeka ndivyo kila moja inavyokuwa rahisi. Leza hula tona ileile kwa kila ukurasa, wa kwanza hadi wa mwisho.

Katriji kwanza, printa baadaye

Kosa kubwa la wanunuzi ni kulinganisha bei za printa. Printa unainunua mara moja. Katriji utainunua mara kwa mara kwa miaka. Ukiingia dukani, swali la kwanza liwe: tona yake ni namba gani, mnayo hapa Kisumu leo, ni shilingi ngapi, na inatoa kurasa ngapi? Muuzaji akisema italetwa kutoka Nairobi baada ya siku tatu, andika hilo pembeni, kwa sababu tona huisha usiku wa kuamkia mtihani.

Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19752 kwa printa nyeusi, kwa kurasa zenye maandishi yanayofunika karibu asilimia 5 tu ya karatasi. Hiyo ni barua fupi. Mtihani uliojaa maswali, majedwali na michoro ya fizikia unaweza kufika asilimia 10, na hapo katriji ya kurasa 1,000 inakupa 500. Tena, katriji inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi ni ya kuanzia tu, yenye unga pungufu. Usiihesabu kama katriji nzima.

Fanya hesabu hii kwa bei utakazopewa. Nambari zangu ni za mfano tu. Tuseme printa ya kwanza tona yake ni shilingi 8,000 kwa kurasa 1,000: hizo ni shilingi 8 kwa ukurasa. Ya pili tona ni shilingi 12,000 kwa kurasa 3,000, yaani shilingi 4, na dramu yake (silinda nitakayoieleza punde) ya shilingi 15,000 hubadilishwa baada ya kurasa 12,000, yaani shilingi 1.25 zaidi. Kwa kurasa 400 kwa mwezi, ya kwanza inakula shilingi 3,200 na ya pili 2,100. Kwa mwaka tofauti ni shilingi 13,200. Mara nyingi hiyo ndiyo pesa yote uliyodhani umeokoa ulipochukua printa ya bei nafuu.

Dramu ni ile silinda yenye rangi ya kijani au buluu inayobeba picha kabla haijafika kwenye karatasi, na hapa watengenezaji wamegawanyika. Printa ndogo nyingi za HP na Canon huweka dramu ndani ya katriji: ukibadilisha tona umebadilisha na dramu. Ni rahisi kutunza, lakini kila katriji ni ghali zaidi kwa ukurasa. Brother hutenganisha vitu hivyo viwili. Katika HL-L2350DW, kwa mfano, dramu imekadiriwa kurasa 12,000 huku tona ikibadilishwa mara nyingi zaidi. Kyocera wa mfululizo wa Ecosys wameenda mbali kuliko wote: P2040dw hutumia tona ya TK-1160 ya kurasa 7,200, na dramu imeundwa kwa kurasa 100,000. HP Neverstop 1000w nayo haina katriji ya kutupa. Inakuja na unga wa kurasa 5,000 na unaijazia mwenyewe kwa bomba la kurasa 2,500.

Kwa kurasa zako 400, ningetafuta printa ya aina ya Brother niliyoitaja, au Kyocera ndogo ukiipata kwa bei nzuri. Zile ndogo kabisa, kama HP LaserJet M111w yenye katriji isiyofika kurasa 1,000, ni mashine nzuri kwa nyumba inayochapisha kurasa 50 kwa mwezi. Kwako utakuwa dukani kila baada ya miezi miwili, na wiki za mitihani hata mapema zaidi.

Herufi, alama na volti

Herufi za mwisho za jina la printa zinasema mengi. W ni waifai. D ni kuchapisha pande mbili bila kugeuza karatasi kwa mkono. Hiyo itakuokolea karibu nusu ya rimu, ilipie. N ni tundu la waya wa mtandao. MFP, au DCP na MFC kwa Brother, ni mashine yenye skana na kopi juu. Kama familia hupiga kopi za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa kila mara, ongeza pesa uchukue hiyo. Kama ni mara mbili kwa mwaka, simu itaskani vizuri tu. Na HP yenye herufi e mwishoni, kama "we" au "dwe", imeundwa kwa mpango wa HP+, ambao unaidai intaneti wakati wote na katriji za HP peke yake kwa maisha yake yote. Katika nyumba ambayo intaneti hukatika, iache.

Kwenye boksi tafuta alama mbili: AirPrint, kwa ajili ya iPhone ya binti yako, na Mopria, kwa ajili ya Android ya baba. Zikiwepo zote mbili, simu zitachapisha bila kuhangaika na programu ya mtengenezaji. Boksi la zamani likijisifu kwa Google Cloud Print, fahamu kwamba huduma hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020.

Ukishawishika na mtumba, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa. Kiseme 220–240V. Chaja ya laptopu hukubali volti zozote, lakini printa ya leza haiko hivyo: ile roli ya moto imetengenezwa kwa volti za nchi ilikouzwa. Printa ambayo ndugu amekuletea kutoka Marekani ni ya volti 110 hadi 127. Ukiichomeka kwenye soketi zetu za 240 inaungua papo hapo, na transfoma yenye nguvu ya kuibeba itakugharimu. Za kutoka Uingereza hazina shida hiyo, hata plagi ni ileile yetu ya miguu mitatu. Ila hata hapo uliza namba ya katriji, kwa kuwa baadhi ya printa zimefungiwa katriji za ukanda wao na hazitaisoma ya hapa.

Dai risiti na garantii iliyoandikwa, na uiombe ichapishe ukurasa wa majaribio mbele yako.

Stima na mahali pa kuiweka

Leza ikipasha joto huvuta umeme kwa ghafla. Ikichapisha hutumia kati ya wati 300 na 500, lakini sekunde zile za kuamka inaweza kupita hapo kwa mbali; ndiyo maana taa hufifia kidogo katika nyumba za waya hafifu. Usiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba ya stima) ya 650VA. Hiyo hubeba chini ya wati 400 na itapiga kelele na kujizima, au betri yake ife mapema. UPS ipe ruta. Printa ipate soketi ya ukutani, mbali na ekstensheni yenye pasi na birika.

Kinachoua printa zaidi ni stima inaporudi kwa kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachongoja dakika chache umeme utulie kabla ya kuuruhusu, kinaifaa printa pia, mradi kiwe na ampea za kutosha: ampea 5 kwa volti 240 ni wati 1,200, usishuke chini ya hapo. Na hakizuii radi. Pande hizi za ziwa hupigwa na radi kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo mawingu yakikusanyika alasiri chomoa plagi, na kama kuna waya wa mtandao kati ya printa na ruta, uchomoe nao.

Kuhusu tokeni usiwe na wasiwasi. Kurasa 200 kwa mwendo wa kurasa 20 kwa dakika ni dakika kumi; kwa wati 400 hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja.

Iweke kwenye meza isiyotikisika, nafasi ya kiganja nyuma na pembeni ipumue, jua lisiipige, na mvuke wa jikoni usiifikie. Chumba cha kulala si mahali pake, na ukichapisha mamia ya kurasa mfululizo, fungua dirisha.

Karatasi ni hadithi yake hapa Kisumu. Hewa ya ziwa ina unyevu, na karatasi iliyo wazi huunywa. Ikipita kwenye roli ya moto unyevu ule unageuka mvuke, karatasi inajikunja na kukwama, au tona inashika vibaya na kupanguka ukiipitishia kidole. Nunua A4 ya gramu 80, weka kwenye trei kiasi cha kutumia siku mbili tatu, na rimu iliyobaki ifunge tena ndani ya karatasi yake ya nta, uilaze kabatini, si sakafuni. Kabla ya kuipakia ipepete pembeni kama unayechanganya karata, kisha uilinganishe. Na usiwahi kupitisha karatasi ya picha ya wino, plastiki ya projekta isiyo ya leza, au shiti ya stika iliyokwisha kubanduliwa hata moja: vitayeyuka kwenye roli na fundi atakudai roli nzima.

Kuiwasha mara ya kwanza

Toa kila utepe wa rangi ya chungwa. Fungua mlango wa mbele, angalia chini ya trei, angalia nyuma. Mmoja ukibaki, printa itasaga na kukwama. Toa katriji, ishike kwa mikono miwili, iyumbishe kushoto na kulia mara tano au sita unga usambae, kisha kama ina utepe wa muhuri pembeni, uvute polepole na wima mpaka utoke wote. Usiguse ile silinda inayong'aa, na usiiache kwenye mwanga kwa zaidi ya dakika chache, mwanga huiharibu. Irudishe mpaka usikie imelia "kaa".

Usichomeke waya wa USB bado. Kabla ya waifai chapisha ukurasa wa majaribio kutoka kwa printa yenyewe; kijitabu kitakuonyesha kibonyezo cha kushikilia. Ukitoka safi, unajua mashine ni nzima, na tatizo lolote litakalofuata ni la mtandao. Watu huruka hatua hii, halafu wanatafuta kosa la ruta kwenye katriji.

Sasa ruta. Printa nyingi za nyumbani hushika mawimbi ya 2.4 GHz tu, na ruta za faiba hutangaza 2.4 na 5 kwa pamoja. Kama majina ni mawili, printa iunge na lile la 2.4. Kama ni jina moja kwa yote na printa inagoma, zima 5 kwa dakika kumi, unganisha, kisha uiwashe tena. Simu zikirudi kwenye 5 bado zitaiona printa, kwa kuwa ni mtandao mmoja. Aina ya usalama wa waifai kwenye ruta iwe WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. WPA3 peke yake huzikataa printa nyingi. Na usiiweke kwenye mtandao wa wageni. Mtandao ule umewekwa makusudi ili vifaa visionane, kwa hiyo printa itakuwa "imeunganishwa" na hakuna simu itakayoiona.

Njia nyepesi ni kibonyezo cha WPS. Shikilia kibonyezo cha waifai cha printa kama sekunde tatu hadi taa ianze kupepesa, kisha ndani ya dakika mbili bonyeza WPS kwenye ruta. Taa ikitulia, umeingia. Ruta isiyo na WPS inakulazimu utumie programu ya mtengenezaji kwenye simu: washa bluututhi na huduma ya mahali (Location), simu iwe kwenye waifai ya nyumbani, fuata maelekezo. Printa za HP hukaa katika hali ya kupokea mtandao kwa saa mbili tu tangu kuwashwa. Zikipita, irudishie mipangilio ya mtandao uanze upya.

Kuchapisha ndani ya nyumba hakuli bando. Kazi hutoka kwenye laptopu, hupita kwenye ruta na kufika kwa printa bila kugusa intaneti, hivyo hata faiba ikikatika mtaani utaendelea kuchapisha mradi ruta ina stima. Siku ruta ikifa, hotspoti ya simu iliyowekwa kwenye 2.4 itafanya kazi ileile. Kwa iPhone washa "Maximize Compatibility".

Dawa ya "offline"

Hili ndilo uliloliuliza hasa, Mwalimu, nami nitalieleza kwa kituo.

Ruta humpa kila kifaa anwani, kwa mfano 192.168.100.14, na humpa kwa mkopo. Stima ikipotea na kurudi, ruta inagawa upya: simu ya mume wako inapata 14, printa inapata 17. Laptopu bado inabisha mlango wa 14. Hapajibu mtu, nayo inaandika "offline". Printa haina kosa lolote, imehama nyumba.

Kwa hiyo ipe anwani isiyohama. Chapisha ukurasa wa mipangilio ya mtandao kutoka kwa printa. Utaona anwani ya IP, na anwani ya MAC, kitambulisho cha kudumu cha kifaa chenyewe, ambayo ni jozi sita za herufi na namba. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kivinjari (anwani na paswadi mara nyingi ziko kwenye kibandiko cha chini), tafuta sehemu ya DHCP, inayogawa anwani, na uhifadhie MAC ile anwani moja, tuseme 192.168.100.200. Kama kampuni ya intaneti imefunga ukurasa huo, fanya upande wa printa: andika IP yake kwenye kivinjari cha laptopu, ukurasa wake utafunguka, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, chagua ya mkono, weka 192.168.100.200, maski 255.255.255.0, na lango liwe anwani ya ruta, yaani 192.168.100.1. Sehemu tatu za kwanza lazima zifanane na za ruta yako. Kama yako ni 192.168.1.1, printa iwe 192.168.1.200. Hakikisha hakuna kifaa kingine chenye 200.

Halafu laptopu. Windows hupenda kuiunganisha printa kwa mlango unaoitwa WSD, ambao huitafuta printa kwa kuita jina. Ukikosa kujibiwa mara moja, hukata tamaa. Iondoe printa hiyo, kisha kwenye Printers & scanners bonyeza "Add device", ngoja chaguo la kuongeza kwa mkono litokee, chagua kuongeza kwa anwani ya IP, aina iwe TCP/IP, uandike 192.168.100.200. Ikishaingia, fungua "Printer properties", kichupo cha Ports, "Configure Port", na uondoe alama kwenye "SNMP Status Enabled". Kisanduku hicho huifanya Windows iamini printa imezimika wakati imelala tu. Mwisho, zima ile swichi inayoiruhusu Windows kukuchagulia printa ya kawaida, na uhakikishe mtandao wa nyumbani umeandikwa Private, si Public.

Pakua draiva, programu inayoiwezesha laptopu kuiongoza printa, kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, kwa namba kamili ya modeli. Kwenye simu hakuna cha kuweka: iPhone huiona printa yenye AirPrint yenyewe, na Android ikishindwa, weka Mopria Print Service kutoka Play Store.

Ukishindwa hata baada ya hayo, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu. Je, stima ilipotea? Printa huamka kabla ya ruta, ambayo huchukua dakika mbili tatu; izime printa, ngoja taa za ruta zitulie, uiwashe. Je, laptopu ina VPN ya kazi? Ikate. Je, kuna kazi ya zamani imekwama kwenye foleni? Simamisha huduma ya Print Spooler, futa yaliyomo kwenye folda ya PRINTERS ndani ya System32\spool, uianzishe tena.

Rula mkononi

Printa ikidai karatasi huku trei imejaa, mara nyingi hati imewekwa Letter, saizi ya Kimarekani ya milimita 216 kwa 279, nawe umepakia A4 ya 210 kwa 297. Badilisha mahali pawili: kwenye hati na kwenye mapendeleo ya printa. Chapa ikififia katikati ya ukurasa, toa katriji uiyumbishe. Utapata kurasa kadhaa zaidi, ukanunue nyingine.

Alama zinazojirudia zinahitaji rula. Chukua ukurasa wenye doa dogo jeusi linaloshuka chini mara tatu au nne, pima kutoka doa hadi doa. Katika katriji nyingi ndogo za HP na Canon, milimita 75 hivi ni mzunguko wa dramu: katriji imekwaruzwa, na kuibadilisha kutamaliza. Kwa Brother za familia ya HL-L2300, dramu ni milimita 94. Kipimo kisipoangukia hapo, doa linatoka kwenye roli nyingine, na sasa unaweza kumwambia fundi kitu cha maana badala ya "inachafua".

Tona za kujaza kwa faneli zina bei tamu, lakini katika katriji zenye dramu ndani, dramu inabaki ileile ikiendelea kuchakaa, na unga usio wa joto la roli yako hupanguka. Ukitaka kupunguza gharama, afadhali katriji mpya nzima ya mbadala yenye chipu yake, kile kipande cha elektroniki ambacho printa huisoma ili kuitambua. Kwa printa za zamani kama HP P1102w utaikuta imeandikwa 85A/725 kwa sababu ya HP na ya Canon zina umbo moja. Uliza kama duka litairudisha ikikataliwa. Na kama hiyo ndiyo njia yako, zima masasisho ya kujiendesha ya printa, maana baadhi huja na amri ya kuzikataa chipu za wengine.

Unga ukimwagika, usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya kawaida. Ni laini mno, hupita kwenye chujio na kurudi hewani. Kung'uta nje, futa kwa kitambaa kikavu, kisha maji baridi. Ya moto yataubandika kwenye nguo kama roli inavyoubandika kwenye karatasi.

Kwa sababu ni mitihani utakayochapisha, weka paswadi kwenye ukurasa wa printa, na uangalie Wi-Fi Direct. Hiyo ni waifai ndogo ambayo printa hutangaza yenyewe, na katika baadhi ya HP paswadi ya kiwandani ni 12345678. Jirani wa ng'ambo ya ukuta anaweza kuingia. Ibadilishe au uizime. Tena, kazi iliyotumwa wakati printa imezimwa haipotei. Hukaa kwenye laptopu ikingoja, na mtu yeyote akiiwasha printa kesho, maswali yako yatatoka sebuleni mbele ya watoto. Kabla hujafunga laptopu, fungua foleni uone iko tupu.